Kelele za Chini ya Ghala

Juu ya kila mtaa wa Morogoro kilining'inia kifyonzakelele, cheusi na kipana kama ungo, kikimeza sauti kabla haijafika masikioni. Lori lilipita bila kunguruma. Wauza nyanya walipanua vinywa, ikatoka minong'ono. Jiji liliona fahari.

Dakta Mbunda wa chuo kikuu aliwachunguza watu pekee waliokikwepa: kundi lililokutana kila Jumamosi mchana chini ya ghala kuukuu kupiga muziki wa kelele, kwa mabati, matangi matupu na mota za mashine za kusaga. Mtaalamu huyo wa kelele alihudhuria miezi mitatu, pamba masikioni. Daftarini aliandika: "Hawaitiki wakiitwa. Ukaidi wa kisanaa."

Jumatatu baraza lingesoma ripoti yake, kisha liamue kama humo namo kifungwe kifyonzakelele. Tunu, kiongozi wa kundi, akaomba kuisoma.

"Uasi wa Vijana?" alisema, akikisoma kichwa cha ripoti. "Uasi gani, Dakta? Sisi kumi na watatu ndio tuliofanyiwa majaribio ya kile kidude kiwandani. Kilimeza sauti, kikamalizia na masikio yetu. Hapa nasoma midomo yako tu. Miezi mitatu hujagundua, na hayo madigrii yote?"



Tunu aliuvuta mkono wa Dakta, akaubandika juu ya bati dogo. Bati likaruka-ruka.

"Huyo mwanangu, yuko nje na bibi yake. Nimembandika kihisi kifuani, kinatuma mtetemo wa kilio chake kwenye bati hili. Analia, ana njaa. Nyumbani, chini ya kifyonzakelele, halitikisiki hata kidogo. Hapa tu ndipo ninapomsikia. Andika hivyo."

"Inagusa, dada yangu, sikatai. Lakini viziwi wanaogonga mabati ni mambo ya ustawi wa jamii. Uasi ndio unaosomeka."

Tunu alimtazama kama mtu anayetazama kombamwiko kwenye unga. Akakichukua kinasasauti cha Dakta mezani, akabonyeza.

"We! Hiyo ni mali ya chuo!"

"Baraza litakisikiliza. Wao wana masikio." Akakisogeza mdomoni. "Mimi ni Tunu Mkude. Niliacha kusikia tarehe tisa Machi, saa nne asubuhi."

Akampa jirani yake. Naye akataja jina na siku yake, akampa mwingine.

"Na mimi je, nitaandika nini?" aliuliza Dakta. Akauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi.

Hakuna aliyekuwa akimtazama mdomo.