Risiti Iliyopigwa Pasi

Kila jioni, baada ya kutoka shule, Nadhifu alipiga pasi nguo zilizoshonwa na mama yake. Jina hilo alipewa na majirani, maana mtoto huyo hakuweza kuona mkunjo akauacha. Alinyoosha sare, mapazia, hata matambara ya kufutia vumbi.

"Siku moja utamnyoosha paka," mama alizoea kumtania.

Jioni moja cherehani ilitoa mlio wa chuma kukatika, gurudumu likakwama. Mezani palijaa vitambaa vya sare ambavyo wenyewe walikuwa wakivisubiri. Cherehani ndiyo iliyowalisha wawili hao.

"Tusihangaike," mama alisema. "Hii ina dhamana ya maisha. Chuma cha ndani kikivunjika, wenye duka wanatengeneza bure, mradi niwe na risiti. Hebu niletee, mwanangu, imo kwenye kopo."

Nadhifu alijua haimo. Wiki iliyotangulia alizikuta risiti zimejikunja kopo zima, akazionea huruma, akachukua pasi. Hakujua kwamba karatasi ya namna ile haipatani na moto. Ile ya cherehani, ya kwanza kuguswa, iligeuka nyeusi tii, maandishi yote yakamezwa. Aliificha chini ya godoro.

"Haimo kwenye kopo, mama," alijibu. Maneno yalikuwa ya kweli, lakini yalificha kama uongo.

Mama alipekua kila droo. "Nimeitupa mwenyewe," alinung'unika. "Uzembe wangu huu!"

Wateja walianza kuja kuchukua vitambaa vyao, mmoja mmoja, wengine bila hata kuaga. Mama aliacha kutania, akaacha na kuimba. Usiku Nadhifu alilala juu ya ile risiti, usingizi usije.

"Kesho naiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu," mama alisema hatimaye. "Nimechoka kuitazama."

Hapo Nadhifu alishindwa. Alikimbia chumbani, akarudi na ile karatasi nyeusi huku akilia.

"Si wewe, mama. Ni mimi. Niliipiga pasi, nikaogopa kusema."

Mama hakumgombeza. Afadhali angemgombeza.

"Ukaniacha nijilaumu siku zote hizi?" aliuliza.

Asubuhi waliisukuma cherehani kwa toroli hadi dukani, wakiwa hawana tumaini lolote. Mwenye duka aliishika risiti kwa ncha za vidole.

"Mama, umeniletea risiti au mkaa?"

Kisha akaigeuza. Nyuma, mahali ambapo wala mama hakuwahi kupatazama, palikuwa na muhuri wa duka na namba ya cherehani iliyoandikwa kwa kalamu. Aliinama, akailinganisha na ile iliyochongwa kwenye chuma.

"Ndiyo yenyewe. Iacheni, tutaitengeneza. Bahati yenu hamkuitupa."

Cherehani ilipona, lakini wateja wengi hawakurudi. Jioni ya kwanza ya kazi, meza ilikuwa na sare mbili tu. Nadhifu aliirudisha risiti kwenye kopo, mama akimwangalia.

"Risiti itunze, hata ikiungua," mama alisema taratibu. "Kosa ndilo lisilotunzwa, mwanangu. Ungeniambia jioni ile ile, leo meza hii ingekuwa imejaa."