Abiria wa Tatu wa Kwenda Aswan

Haya nimemweleza mtu mmoja tu, mume wangu Eustache, na yeye akaniambia nimechoka, nikalale. Labda wewe utanisikiliza.

Ilikuwa Alhamisi mwishoni mwa Januari, saa kumi na mbili jioni, na Toronto kiza kilikuwa kimeshaingia kama kawaida ya miezi hiyo. Nilikuwa natoka kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mikono bado inanuka sabuni. Nilipita kwa Mzee Abdulsultan kuchukua ratiba ya safari yetu. Ofisi yake iko hapa hapa Flemingdon Park, kwenye jengo la maduka, kati ya kinyozi na duka la viungo. Mzee ni mzaliwa wa Mwanza, ana miaka hamsini Canada, na Kiswahili chake kinanishinda mimi.

Safari yenyewe ilikuwa ya mto Nile. Siku mbili Luxor tukizunguka mahekalu ya kale, halafu meli ndogo, siku nne juu ya maji, miwa na mitende kila upande, tukishuka Edfu na Kom Ombo kuona mahekalu mengine, mpaka Aswan. Eustache ameiota safari hiyo tangu tukiwa wachumba. Na mimi, sitakudanganya, niliitaka vibaya sana.

Hapo ndipo ubaya wangu unapoanzia.

Mwaka mmoja nyuma, mwezi wa Desemba, mama yangu alinipigia simu kutoka kwetu Rutovu, kusini mwa Burundi. Alikuwa anaumwa. Hakuniomba dawa wala kitu kingine. Alisema tu, njoo nikuone. Nikamjibu kwamba kazini wamenikatalia likizo. Uongo. Likizo nilikuwa nayo, wiki mbili za Februari, zimeshasainiwa, na nilikuwa nimeziwekea Nile. Nikajiambia mama za watu huumwa na kupona. Yeye hakupona. Alifariki Januari, na mazishi niliyatazama kwenye simu, nimejifungia chooni kazini, huku kengele ya bibi mmoja inalia, anataka kuogeshwa.

Safari tukaisogeza mwaka mzima. Na mwaka ulipokaribia kuisha, kaka yangu Fabrice akaniambia siku ya kuganduka imepangwa, Februari tarehe kumi na tano. Kwetu, kuganduka ndiko kuondoa msiba. Ndugu wanakaa pamoja, mtoto wa kwanza anasimama, anamwambia marehemu neno la kumwachilia apumzike. Kabla ya siku hiyo mwenye msiba haendi kwenye starehe. Mtoto wa kwanza ni mimi, Spéciose. Lakini niliona aibu kusimama mbele ya kaburi nililolidanganya, kwa hiyo nikamwambia Fabrice nimekataliwa likizo tena. Tarehe kumi na tano mimi ningekuwa kwenye meli, kati ya Edfu na Kom Ombo.

Sasa twende ofisini.

Mzee Abdulsultan alikuwa peke yake. Alinikaribisha, akafungua jalada, akanitandazia karatasi moja moja: ndege, hoteli, meli. Chumba kile cha baridi hakikuwa na ua wala chungu cha mmea, na nje theluji ilikuwa ngumu kama saruji. Lakini nilipovuta kiti nikakaa, nikasikia harufu...

Harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi.

Nikadhani ni viungo vya duka la jirani. Nikachukua karatasi ya vyumba vya meli. Juu kulikuwa na jina la Eustache. Chini yake jina langu. Chini ya langu kulikuwa na mstari mwingine, wa abiria wa tatu.

Nilimwambia Mzee kwamba amekosea, sisi ni wawili. Akavua miwani, akanitazama kwa upole, akasema hakukosea hata kidogo. Bi mkubwa mwenyewe alikuja Jumatatu, saa kama hizi, akaomba aongezwe.

“Bi mkubwa yupi?” nikauliza.

“Mama yako. Mmefanana paji la uso. Nilishangaa hukuniambia unaishi naye.”

Nikashika ukingo wa meza. Nikauliza alikuwa amevaa nini. Mzee akasema kitenge cha kijani na shali nyeupe, na viatu vyepesi vya plastiki, katika baridi ile. Akasema pindo la kitenge lilikuwa limelowa mpaka magotini, linatona maji sakafuni... to... to... to... na alipomletea taulo akakataa. Alikaa kwenye kiti hiki hiki nilichokalia.

Kitenge cha kijani na shali nyeupe. Nilivituma mimi mwenyewe kutoka huku. Ndivyo walivyomzika navyo.

Mzee alikuwa anakunjua ramani ya Misri ambayo huwaonyesha wateja, akawa anasimulia kwa raha zake. Alisema bi mkubwa hakuuliza habari za mahekalu. Aliuliza mto unatoka wapi kwenda wapi. Mzee akamweleza kwamba kutoka Luxor kwenda Aswan meli inapanda, inayaelekea maji yanakotoka. Bi mkubwa akaweka kidole Aswan, akauliza kwa nini mwanawe anaishia hapo.

“Nikamwambia meli haiendi mbele ya hapo,” Mzee akasema. “Akanijibu, ‘Nyumbani ni mbele.’”

Kwetu Rutovu kuna chemchemi juu ya kilima. Wamejenga piramidi ndogo ya mawe, na wageni huja kupiga picha, wakisema Nile inaanzia pale. Nyumba ya mama yangu iko chini ya kilima hicho.

Nikaitazama ramani. Kutoka Aswan kulikuwa na mstari mwekundu wa tope, upana wa kidole. Ulishuka kusini, ukapita mpaka wa Misri, ukaendelea hadi karatasi ilipoishia. Haukuishia hapo. Uliendelea juu ya mbao za meza...

Ukaja mpaka nilipokuwa nimekaa mimi.

Nikamwuliza, kwa sauti ya chini, kama alisema kitu kingine. Mzee akafikiri. Akasema ndiyo, jambo dogo tu, aliulizia likizo yangu, kama kweli kazini wamenipa. Naye akamtoa wasiwasi. Alimwambia asihofu, Spéciose alipewa siku zake tangu mwaka juzi, barua ya ruhusa alimletea yeye Mzee anakili tarehe, na mwaka huu amepewa tena.

“Akasemaje?”

“Aliinuka kitini. Halafu akasema, ‘Kumbe alikuwa nayo.’ Akaondoka.”

Kumbe alikuwa nayo.

Sikumbuki nilivyoaga. Nakumbuka baridi ya Don Mills Road usoni, na watu wametulia kituoni wakisubiri basi, na ile harufu ya udongo bado inanifuata katika hewa ambayo haiwezi kunuka kitu kwa jinsi ilivyoganda. Nikasogea pembeni, upande wa bonde, nikampigia Fabrice. Kwao ilikuwa usiku, lakini yeye ni mlinzi wa zamu ya usiku kwenye kiwanda cha chai, nilijua yuko macho. Sisi tulikulia kambi ya wakimbizi Kigoma, na mpaka leo tukiwa na jambo zito tunaliongea kwa Kiswahili.

Nilikuwa nimeamua. Safari ya Nile nitaifuta; nilimwambia nakuja Burundi, tarehe kumi na tano nitasimama mimi mwenyewe niseme lile neno.

Fabrice akasema, taratibu, kama mtu anayemvua mgonjwa bandeji, kwamba kuganduka kumeshafanyika. Baba mdogo amezidiwa, wanampeleka Bujumbura kupasuliwa, na bila yeye hakuna wa kuongoza. Wakaona kwa kuwa mimi hata hivyo siwezi kuja, wasisubiri. Walifanya Jumamosi iliyopita. Hawakuniambia ili wasinitoneshe kidonda, maana walijua ninavyoumia kunyimwa likizo.

Wakanionea huruma. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote.

Nikamwuliza nani alisema neno.

“Mimi,” akasema. “Sikujua niseme nini, Dada, neno ni lako. Nikamwambia Mama, Spéciose anakulilia lakini wakubwa wake hawamruhusu. Wewe sasa hakuna wa kukukatalia ruhusa. Nenda wewe kwake.”

Basi likapita. Sikulipanda.

Nilimwonyesha mama yangu njia kwa uongo wangu mwenyewe. Hakuja kunidhuru. Alikuja kumfariji mtoto anayemlilia, akatembea na mto wake wote, akafika, na kitu cha kwanza alichoambiwa katika nchi hii ni kwamba yule mtoto alikuwa na nafasi ya kuja na hakutaka.

“Fabrice,” nikasema. “Likizo nilikuwa nayo. Mara zote mbili.”

Nilisubiri anitukane. Hakunitukana. Nilisikia pumzi yake tu, halafu akauliza kwa kunong'ona:

“Dada, uko na nani hapo?”

“Niko peke yangu.”

“Basi ni nani analia?”

Nikageuka. Nyuma yangu kulikuwa na miti mikavu, na theluji ambayo hakuna mguu ulioikanyaga. Watu wa kituoni walikuwa mbali, kila mmoja na simu yake. Mimi macho yalikuwa makavu. Tangu Mama afe sijawahi kulia, hata siku ile chooni.

Nilitega sikio mpaka likauma. Hapakuwa na kitu.

“Analia karibu kabisa na simu,” Fabrice akasema, na sauti yake ikaanza kukatika. “Ni yeye, Dada. Unawezaje kutosikia?”

Safari tuliifuta kesho yake. Mzee Abdulsultan hakuuliza sana, alinipa pole tu, kwa sababu nilimwambia nimefiwa. Eustache anasema ni huzuni iliyochelewa, itapita.

Sasa ni Aprili. Kila jioni nikitoka kazini nampigia Fabrice, naiweka simu mezani, napiga magoti kando yake na kumwomba Mama msamaha kwa sauti, kila neno. Nikimaliza, nanyamaza, ili Fabrice asikilize kama Mama ameacha kulia. Nyumba inakuwa kimya kabisa kwangu. Namsikia kaka yangu anapumua kule kiwandani, anasikiliza, anasikiliza... Kisha ananiambia.

“Bado.”