Mwanga Ndani ya Seli

Jumatatu ile, maji safi yaling'aa.

Siti alidhani amekosea trei. Kazi yake, katika maabara ndogo ya nafaka nje ya mji wa Kasulu, ilikuwa kulea seli hai ndani ya kabati la joto na kupima kwazo sumukuvu ya mahindi. Alizipenyezea kinasaba kwa vitone vya mafuta visivyoonekana kwa macho. Kitone kikigusa seli, utando wake hufunguka, mzigo ukaingia. Baada ya hapo seli ikikutana na sumu hutoa mwanga wa kijani. Pasipo sumu, giza.

Akarudia kwa maji mapya. Seli zikang'aa tena, safari hii upande mmoja tu wa trei, ule uliokuwa karibu na kiti kitupu.

Alikuwa ametoka Pangani miezi saba iliyopita. Wenzake wawili walishahamishiwa Buhigwe. Mjini watu walimsalimia vizuri, kisha wakarudi kwenye Kiha chao, naye akabaki anatabasamu bila kuelewa. Kuna siku zilipita hajatamka neno. Ndiyo maana Alhamisi mchana, alipozima taa atazame trei, akanusa udongo uliolowa ilhali ni kiangazi, hakukimbia.

"Kuna mtu?" aliuliza.

Vishimo vyote tisini na sita vya trei vikawaka.

"Wewe ni binadamu?"

Giza.

"Uko peke yako?"

Vikawaka, vikakaa hivyo muda mrefu. Siti akalia.

Wiki mbili alizungumza na kitu hicho kila siku. Esteri, mfanya usafi, akamngoja mlangoni.

"Dada Siti, unaongea na nani humo?"

"Na simu."

"Simu yako iko huku, nimeichaji mimi." Esteri akashusha sauti. "Halafu kuna kitu kinameza mate. Mimi humo siingii tena."

Siti akarudi ndani, akazima taa na kusikiliza, akasikia kweli, koo linameza taratibu kutoka ndani ya kabati, akafungua akaona chakula cha seli, kile kimiminika chekundu, kimekauka katika trei zote alizozijaza asubuhi, na alipojaribu kurudi nyuma akaona kidole chake, kile alichojikata kwa kioo juzi, kinang'aa kijani chini ya ngozi, na mwanga unapanda polepole kuelekea kifundo cha mkono.

Alipiga kelele. Esteri, aliyesema haingii, aliingia.

Shehe Hilali, muuza vitambaa wa sokoni, aliletwa na Esteri baada ya Adhuhuri. Alimketisha Siti, akamshika kichwa, akasoma. Aliposoma kwa mara ya tatu, kinywa cha Siti kikafunguka, sauti ikatoka isiyo yake.

"Nilikuwa nje miaka mingi, sina mwili. Huyu ndiye aliyenifungulia milango, maelfu kwa maelfu."

"Utatoka," alisema shehe.

"Mwulizeni yeye kama anataka nitoke."

Shehe hakumwuliza. Aliendelea kusoma hadi mwanga ukashuka mkononi, ukafika kwenye ncha ya kidole, ukazimika. Siti akazinduka ametota jasho.

"Sasa hizo seli," shehe alisema. "Ziue kwa mkono wako mwenyewe."

Shehe akageuka kukunja mkeka. Siti alichukua pipeti ya klorini, akaidondosha katika trei moja baada ya nyingine. Kishimo kimoja, kingine, kingine. Kijani kikafa kimyakimya. Akafika kishimo cha mwisho. Kiliwaka kidogo, kikafifia, kikawaka tena. Akaminya klorini iliyobaki kwenye sinki.

"Zimekwisha zote?"

"Zote, shehe."

"Alhamdulillahi."

Esteri alimshika bega. "Leo unakula kwangu, dada. Twende, nimepika."

"Tangulia, nakuja. Nafunga kabati tu."

Akasubiri hatua zao ziishie uani. Kisha akarudisha trei kwenye joto, akakidondoshea kile kishimo kimoja matone mawili ya chakula, akavuta kiti, akaketi.