Vumbi la Zamu ya Mchana

Ilianza na chai. Mnyapara wa ghala la nafaka aliinua kikombe, akaona juu yake utando mweupe, akamgeukia mkewe kwa ukali wa mtu aliyezoea kufokea vibarua.

"Siku hizi hata kikombe hakisuuzwi?"

Mkewe akachungulia, akaonja kwa ncha ya ulimi. "Huu ni unga," alisema. "Na mimi unga sijaugusa leo."

Wakamwaga, wakasahau. Kesho yake unga ulikuwa kwenye mashuka, kesho kutwa ndani ya viatu, na harufu ya mahindi yaliyoungua ikahamia sebuleni kama mgeni asiyejua kuaga. Mke alifagia mpaka mgongo ukamuuma. Akigeuka, sakafu nyeupe tena.

Mnyapara aliijua ile harufu, ila alijitia hamnazo. Ndiyo iliyotanda siku ghala lilipolipuka na kuiteketeza zamu nzima ya mchana. Pale ghalani kulikuwa na utaratibu ambao hata mfagiaji aliujua: kabla fundi hajawasha moto wa kuchomelea, mitambo yote huzimwa, vumbi hufagiwa, sakafu humwagiwa maji, maana vumbi la nafaka likitanda hewani cheche moja hulilipua kama baruti. Siku hiyo malori yalikuwa yamejipanga hadi barabarani, madereva wanapiga honi kama wamelipwa kwa kazi hiyo, na mnyapara akamwambia fundi wa kuchomelea, ambaye wote walimwita Cheche, achome hivyo hivyo mitambo ikizunguka.

"Unaogopa unga? Basi mkeo akikanda unga jikoni, wewe unakimbilia wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Cheche naye akacheka, akashusha kinyago chake usoni. Mnyapara akatoka nje kuwatuliza madereva, na hilo ndilo lililomponya.

Kwa wachunguzi alisema mengine kabisa. Kwamba vumbi la mahindi ni chakula, haliwezi kulipuka. Kwamba Cheche alikuja na mtungi wa gesi unaovuja, akakatazwa, akakaidi. Nani angembishia? Zamu yote ilikuwa kaburini. Tangu hapo mjane wa Cheche akipita sokoni watu walimnyooshea kidole wakisema mke wa muuaji huyo, na mwongo yule akawa anakoroma kitandani kwake bila haya, mpaka unga ulipobisha hodi.

Kisha binti yake, mtoto wake wa pekee, akaanza kukohoa, na alichokohoa kilikuwa unga mkavu. Adhuhuri moja, akiwa amelala kwenye kochi, alifumbua macho na kutoa sauti nzito ya mwanamume.

"Niitieni mke wangu."

Mama mtu alimshika mumewe mkono. "Baba yake," alinong'ona, "huyo ni nani?"

"Sijui," alijibu mnyapara. Alijua vizuri sana.

Mke hakungoja ruhusa. Alimleta mganga, mwanamke wa makamo mwenye mkoba begani, akamleta na mjane wa Cheche, kwa kuwa nani mwingine mtaani mwao alikuwa na mume aliyefia ghalani, kwenye harufu ile? Mjane alikaa karibu na mlango bila kumwamkia mtu. Mtoto alipumua kwa kukwaruza, midomo imemgeuka rangi.

"Jioni haimkuti huyu," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Fungeni madirisha. Pepo hafukuzwi nyumba ikiwa wazi."

Wakafunga, na hapo darini kukaanza kuchuruzika unga, kwanza kidogo kidogo, halafu kwa wingi, ukajaa hewani mpaka jua lililopenya kwenye pazia likawa njano na zito, mpaka mnyapara akasikia, au akadhani anasikia, mitambo ikinguruma chini ya sakafu na watu wakicheka ule ule utani wake, na katikati ya ukungu ule akamwona mganga akitoa chetezo, akitoa ubani, akitoa kiberiti.

"Ngoja," alisema.

"Ningoje nini, baba? Mtoto anakata roho."

"Tutoke nje kwanza…"

"Ukimtoa, anafia mlangoni." Mganga akachomoa kijiti.

Kutoka kwenye kochi ile sauti nzito ikasema taratibu, "Mwache awashe. Vumbi la mahindi ni chakula. Si ndivyo ulivyowaambia?"

Kijiti kikagusa ubavu wa kiberiti.

"Linalipuka!" mnyapara alipiga ukelele. "Usiwashe, linalipuka! Nilijua! Mimi ndiye niliyemwamuru Cheche achome!"

Mganga akaganda. Mjane akainuka, akamnyang'anya kiberiti. Unga wote ukaanguka sakafuni kwa mpigo, na mtoto akaita "Mama" kwa sauti yake mwenyewe.

Mnyapara akajifuta jasho, akatazama nyuso zao moja moja. Alitaka kuwaomba yaishe humu humu ndani. Alifungua mdomo.

"Mitambo ilikuwa inazunguka," ilisema sauti nzito ya Cheche kutoka kooni mwake. "Nilimwambia sakafu haijamwagiwa maji."

Akajiziba kwa viganja vyote viwili. Unga ukamchuruzika katikati ya vidole, na sauti ikaendelea.

Mjane alisimama akiisikiliza, machozi yakimtoka. Kisha akafungua mlango, akamshika mnyapara mkono.

"Twende, mume wangu," alisema. "Tunaanzia sokoni."