Bendera Isiyochomoka

Kila alfajiri, kabla majogoo wa jirani hawajamaliza kuwika, cherehani ya Susu ilikuwa imeshaanza kunguruma pale mtaani Mbotela. Sauti hiyo ndiyo iliyomwamsha Nzembi. Alitandika kitanda, akachota maji mferejini, akanywa chai kwa kiazi kitamu, kisha akavaa sare na kukimbia shuleni. Susu, yaani nyanya yake kwa Kikamba, alikuwa mshonaji wa sare za shule, na mtaa mzima ulijua jinsi alivyojivunia kazi yake. "Nguo niliyoishona mimi," alipenda kusema, "itachakaa mwilini, lakini kufumuka haifumuki!"

Nzembi alikuwa gredi ya saba katika Shule ya Ukingoni. Alipenda hesabu kidogo, kusoma kidogo zaidi, na mpira wa bendera kupita vyote. Mpira wenyewe una umbo la yai. Kila mchezaji hufunga mshipi kiunoni, na kwenye mshipi huning'inia bendera mbili za kitambaa zilizoshikizwa kwa velkro, ule utepe unaonata. Hakuna kuangushana. Mpinzani akichomoa bendera ya aliyeshika mpira, mchezo husimama papo hapo. Timu hupewa nafasi nne za kufika mstari wa mwisho. Wanaweza kurushiana mpira, au mmoja aubebe akimbie nao.

Sasa, mwanzoni mwa muhula huo, Nzembi alikuwa mchezaji wa akiba tu. Mbio alikuwa nazo, chenga pia alikuwa nazo, ila bendera yake ilichomolewa kila mara kabla hajafika mbali. Kisha, ghafla, mambo yakabadilika. Jumatatu moja aliingizwa mazoezini, akapewa mpira, akatimka, na hakuna aliyemkamata. Jumatano ikawa vivyo hivyo. Wenzake walinyoosha mikono, wakagusa bendera, zikawaponyoka!

"Kwani umekula nini wewe?" akauliza Ngigi, mvulana mcheshi wa timu, huku akihema. "Ni ile muthokoi ya nyanya yako, sivyo? Niletee na mimi sahani moja."

Watoto wakacheka. Nzembi alicheka pia, lakini moyoni alishangaa kuliko wote. Miguu yake ilikuwa ile ile. Viatu vyake vilikuwa vile vile, na kimoja kilikuwa kinaanza kuachama mbele. Alijiuliza usiku na mchana: imekuwaje?

Aliyeshangaa bila kucheka alikuwa Khadro, rafiki yake wa tangu darasa la kwanza. Khadro ndiye aliyekuwa mrushaji wa timu, na mkono wake ulikuwa na shabaha ya kweli. Siku moja alimfuata Nzembi kando ya uwanja.

"Nzembi, leo nimeivuta bendera yako. Sikuigusa tu, nimeivuta."

"Ungeivuta ingetoka."

"Ndiyo maana sielewi," akasema Khadro.

Nzembi naye hakuelewa, na kwa kuwa hakuelewa, akakasirika. "Una wivu tu," akasema. Khadro akaenda zake.

Wivu ulikuwa na sababu ya kushukiwa, maana Mwalimu Waithera, mkufunzi wao, alikuwa ameamua jambo kubwa ambalo lingemwacha mrushaji bila kazi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi wangecheza na Shule ya Kilima Wazi. Ole wao! Kilima Wazi hawakuwa wamefungwa na shule yoyote kwa miaka mitatu. Walikuwa warefu, wepesi, na hodari wa kudaka mipira hewani. Ukirusha mpira, wao ndio waliouchukua.

"Basi hatutarusha," Mwalimu Waithera aliwaambia. "Tutakimbia. Kila nafasi, mpira apewe Nzembi, akimbie moja kwa moja. Hawawezi kudaka mpira usiorushwa."

"Lakini Mwalimu," Khadro aliinua mkono, "tukikimbia tu kila mara, si watatujua? Watamzunguka yeye wote."

"Wamzunguke. Nani amemkamata siku hizi?"

Timu ikagawanyika. Wengine walisema mbio pekee zitawashinda Kilima Wazi, wengine wakasema ni ndoto ya mchana. Nzembi alisikiliza pande zote akachanganyikiwa zaidi. Jambo moja tu alilijua: alikuwa ametoka kwenye benchi, na kurudi huko hakutaka hata kidogo.

Ijumaa jioni, siku moja kabla ya mchezo, alichukua mshipi wake aufue. Alishika bendera moja ili aibandue. Haikutoka. Akavuta kwa nguvu. Wapi! Akajaribu ile nyingine, ikamgomea vile vile. Akausogeza mshipi kwenye taa, akafunua ukingo wa kitambaa. Chini ya velkro palikuwa na mishono midogo midogo ya uzi wa rangi ile ile, imekaa sawasawa. Ilikuwa mishono ya mkono mmoja tu alioufahamu.

"Susu! Susu, wewe ndiye umeshona hapa?"

Susu aliinua macho kutoka kwenye cherehani. "Nani mwingine? Kumbuka siku ile ulirudi kutoka shule na kitambaa kimening'inia kama ulimi wa mbwa. Nikasema, haiwezekani mjukuu wangu atembee akimwaga nguo barabarani. Watu wangesema mimi ndiye niliyeshona hivyo. Nikakipiga sindano ulipolala."

"Lakini Susu, zinatakiwa zitoke!"

"Zitoke?" Susu alivua miwani. "Nani anashona kitu ili kitoke?"

Nzembi alimweleza, maneno yakigongana mdomoni. Alieleza bendera, refa, nafasi nne, Kilima Wazi. Susu alisikiliza kwa uso wa mtu anayesimuliwa habari za nchi ya mbali. Mwishowe akatikisa kichwa. "Mchezo wa kuvuana vitambaa! Haya, mimi sikujua. Lakini kazi yangu ilikuwa nzuri au haikuwa nzuri?"

"Ilikuwa nzuri, Susu. Hiyo ndiyo shida."

Usingizi ulikataa kuja. Nzembi alijigeuza huku na huku. Yeye hakumdanganya mtu. Susu pia hakumdanganya mtu. Basi kosa lilikuwa la nani? Akinyamaza, kesho atakimbia na huenda wakashinda, na hakuna atakayejua. Akisema, Mwalimu atamrudisha benchi, na mbinu ya timu nzima itaporomoka saa chache kabla ya mchezo. Mara alijiona msafi, mara alijiona mwizi. Akamkumbuka Khadro akisema ameivuta, na yeye akimjibu kwa neno la wivu. Aibu ikamshika mpaka akajifunika blanketi kichwani.

Asubuhi alifika uwanjani mapema, mshipi mkononi. Susu alikuwa nyuma yake, maana alikataa kabisa kubaki nyumbani. "Nataka kuuona mchezo huo kwa macho yangu," alisema.

Mwalimu Waithera alikuwa akipanga koni. Wachezaji walikuwa wanajinyoosha.

"Mwalimu," Nzembi alianza, "bendera zangu zimeshonwa. Sikujua hadi jana. Ndiyo maana hamkuweza kunikamata. Si mbio zangu."

Mwalimu Waithera alichukua mshipi, akavuta bendera, akavuta tena. Alikaa chini kwenye nyasi kama mtu aliyechoka.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "mbinu yote niliyoipanga, sijui kama inafanya kazi. Kwa kweli sijui."

"Nilisema nimeivuta!" Khadro alipaza sauti.

"Ulisema," Nzembi akajibu. "Na mimi nikakutukana. Nisamehe, Khadro."

Khadro hakutabasamu, lakini aliitikia kwa kichwa.

Susu alijipenyeza katikati yao, akatoa mkasi mdogo kwenye pindo la leso yake. "Nipe hapa, mwalimu. Mimi ndiye niliyeshona, acha nifumue mwenyewe." Alifumua mshono mmoja baada ya mwingine, akiguna kwa uchungu wa fundi anayeiharibu kazi yake mwenyewe. Alipomaliza, alivuta bendera ikatoka, kraa! Susu akakunja uso.

"Nirudi benchi, Mwalimu?" Nzembi aliuliza.

"Hapana. Utaanza. Hatuna mpango mwingine, na Kilima Wazi hao wanaingia."

Kipindi cha kwanza kilikuwa mateso. Nzembi alipewa mpira, akakimbia moja kwa moja, kraa! Bendera mkononi mwa mpinzani. Akapewa tena, kraa! Nahodha wa Kilima Wazi, msichana mrefu mwenye mikono mirefu, alimngoja kila mara mahali pale pale. Kila walipotoka kushambulia walirudi mikono mitupu, na Kilima Wazi wakafunga mabao mawili. Kwenye mstari, Susu alifumba macho kila bendera ilipochomolewa.

Wakati wa mapumziko Nzembi alikuwa karibu kulia. "Sielewi. Zamani nilikuwa hata na chenga. Leo miguu imesahau."

"Imesahau kwa sababu hukuihitaji," akasema Khadro. "Wiki zote hizi ulikuwa unanyooka tu kama mshale. Kabla ya hapo ulikuwa unajipinda mpaka mtu anapata kizunguzungu."

Mwalimu Waithera aligeuka ghafla. "Na kitu kingine umekiona, Khadro?"

"Nimeona wanamwangalia Nzembi tu. Wamesikia habari zake. Hata asipokuwa na mpira, watatu wanamfuata."

Nzembi alifuta macho. Mawazo yaliyokuwa yamevurugika tangu jana yakaanza kujipanga. "Basi wanifuate," akasema. "Tuendelee kukimbia, lakini tukimbie sote. Mara nipewe mimi, mara Ngigi, mara Khadro aubebe mwenyewe. Wasijue nani anao."

"Danganya toto!" Ngigi akaruka.

Mwalimu akafikiri kidogo. "Tujaribu," akasema.

Kipindi cha pili Kilima Wazi walikuta timu nyingine. Khadro alijifanya anampa Nzembi, akampa Ngigi, na Ngigi akapita upande usio na mtu hadi mstarini. Baadaye Nzembi alipewa mpira kweli. Safari hii alijipinda kushoto, akajipinda kulia, akamwacha mpinzani ameshika hewa, akafunga. Mabao mawili kwa mawili! Watu waliokuwa wakipita njia walianza kusimama.

Zikabaki sekunde chache, nafasi ya nne, ya mwisho. Khadro alisogea, akasogeza mikono tumboni pa Nzembi kama anayempa mpira. Nzembi akainama, akakumbatia hewa kwa mikono miwili, akachomoka kuelekea kona ya kulia kwa nguvu zote alizobakiza. Nahodha mrefu akamfuata. Wa pili akamfuata. Wa tatu naye. Kraa! Nahodha alichomoa bendera, akaiinua juu akishangilia.

Na Susu, yule yule Susu aliyefumba macho kila kitambaa kilipotoka, akaruka juu akipiga vigelegele. "Imetoka! Imetoka! Tazameni ilivyotoka!" Maana kutoka pale alipokuwa, yeye alikuwa ameona kile ambacho nahodha hakukiona. Khadro alikuwa upande wa pili wa uwanja, mpira kwapani, peke yake, anavuka mstari.

Refa akapuliza kipenga. Matatu kwa mawili. Sijui nielezeje kelele za siku ile. Nahodha wa Kilima Wazi aliitazama bendera mkononi, akamtazama Nzembi aliyekumbatia hewa, kisha akacheka hadi akashika magoti. "Hapo mmenipata," akasema, akamrudishia.

Baadaye, wakiwa wameketi nyasini na chupa za maji, Nzembi bado alikuwa na jambo linalomkera. "Mwalimu, danganya toto si uongo pia? Mbona huo tumeruhusiwa?"

"Swali zuri," akasema Mwalimu Waithera. "Nahodha yule alijua kwamba kwenye mchezo huu mtu anaweza kujifanya ana mpira. Alikuwa na macho, alikuwa na nafasi ya kubaini, ukamzidi. Lakini bendera iliyoshonwa ingemnyima nafasi yenyewe. Angekufikia, angevuta, na bado angeshindwa."

"Lakini mimi sikushona. Na sikujua."

"Ndiyo, na kwa siku zile sikulaumu, wala simlaumu nyanya yako, aliyeshona kwa upendo. Ila jana jioni ulijua. Mtu asiyejua hana hatia, lakini akishajua, kunyamaza kwake ni uongo. Na tazama hasara ambayo bendera ile ilikuwa imekutia: ilikupa ushindi mazoezini ikakunyang'anya chenga zako. Mlishinda leo kwa sababu uliniambia asubuhi, tukaanza kufikiri sote, badala ya kumtegemea mtu mmoja ambaye hata yeye hakujua siri ya nguvu zake. Mimi mwenyewe nilitakiwa kumsikiliza Khadro mapema. Sote tumejifunza."

Khadro alimpiga Nzembi kikumbo kidogo begani. Nzembi akampiga kikumbo naye, na urafiki ukarudi mahali pake bila maneno mengi.

"Nyanya," Mwalimu akamgeukia Susu, "timu ina mishipi mingine inayolegea. Ungeweza kututengenezea?"

Susu alivaa miwani yake, akaikagua bendera ya Nzembi mbele na nyuma. "Naweza," akasema. "Lakini kwanza niambieni vizuri, safari hii, mnataka ishike kiasi gani."