Laptopu Haipimwi kwa Meno

Gathii ni mkulima na mnunuzi wa mahindi huko Kiminini. Hakuna mtu anayeweza kumuuzia mahindi mabichi. Hutia punje moja mdomoni na kuiuma. Ikilia "ka!", imekauka. Isipolia, anakurudishia gunia lako na kukuuliza kama unamwona mjinga.

Mkewe, Wamboi, hukama ng'ombe kila asubuhi. Binti yao, Mwihaki, hupeleka maziwa dukani akiwa nyumbani. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya kaka yake, Kinyua. Kinyua alifariki mwaka jana kwa homa ya mapafu. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja.

Kinyua alipewa jina la babu yake, baba mzazi wa Gathii. Kwa hivyo Gathii hakumwita mwanawe Kinyua. Alimwita "Baba". Siku ya mazishi alisema neno moja tu: "Nimezika baba mara mbili."

Kinyua alikuwa na kompyuta kubwa ya mezani, aliyoiunganisha mwenyewe. Aliitumia kucheza gemu ya mpira, na dada yake akikaa kando kushangilia. Gathii hakuipenda gemu hiyo hata kidogo. "Mtu mzima anafukuza mpira na vidole!" alikuwa akinung'unika. Baada ya matanga hakuweza hata kuitazama ile kompyuta. Akaiuza bila kumuuliza mtu. Haraka haina baraka, lakini mwenye uchungu nani atamwambia?

Hakujua kwamba Mwihaki alikuwa amenakili gemu ya kaka yake kwenye flashi. Mwihaki aliificha ndani ya kifuko cha Biblia yake.

Mwaka huu Mwihaki aliitwa chuo Bungoma, kusomea uchoraji wa ramani za majengo. Barua ya chuo ilisema kila mwanafunzi aje na laptopu yake.

"Baba, naomba ile inaweza kucheza gemu pia," alisema Mwihaki.

"Gemu? Unaenda kusoma ama kucheza?"

Mwihaki hakutaja flashi. Aliogopa kwamba nayo itauzwa.

Gathii aliuza ndama, akaenda Kitale peke yake. Kwenye kibanda kimoja alishika laptopu akaipima kwa mkono. Ilikuwa nzito. "Hii ni kitu," alisema. Mwuzaji akamwonyesha stika inayong'aa. "Mzee, hii ni i7. Ile kubwa kabisa, bana!" Gathii hakuiwasha. Hakuomba risiti. Mtu anayeuma kila punje alinunua laptopu kwa macho.

Mwihaki aliipokea kwa mikono miwili. Alifungua programu ya kuchora. Chai ikachemka, ikanywewa, programu bado haijafunguka. Kisha mashine ikaganda. Akaizima, akaiwasha tena, akatia ile flashi. Kioo kikawa cheusi.

Mwihaki alilia kwa sauti. Hata siku ya mazishi hakulia hivyo.

"Si ni mashine tu, mama?" Wamboi alimbembeleza.

"Si mashine, Mami. Ni Kinyua. Timu yake iko ndani ya hii flashi. Sijaiona tangu afe."

Gathii alitoka nje, akaingia ghalani, akakaa juu ya magunia. Aliona aibu, na aibu yake ilikuwa nzito kuliko ile laptopu. Aliporudi alimwambia Mwihaki, "Kesho twende Bungoma."

Mjini Bungoma kuna fundi wa kompyuta anayeitwa Nasambu. Kinyua alikuwa akinunua vipuri kwake.

"Pole sana, mzee," Nasambu alisema walipojitambulisha, akimshika Gathii mkono. "Kijana wako alikuwa mteja wangu. Nilisikia, nikalia."

Aliwasha ile laptopu, akafungua mipangilio yake, akasoma.

"Mzee, hii stika ni ya ukweli, lakini mashine ni ya zamani sana. Ubongo wa i7 wa miaka mingi unashindwa na i5 wa juzi. RAM, ile nafasi ya kufanyia kazi, ni jibii nne tu. Wewe ni mkulima. Pakiti ya mbegu haijawahi kukudanganya?"

"Imewahi. Shamba nzima haikuota."

"Basi stika ni pakiti. Swali la kwanza ni hili: msichana atafanya nini na mashine?"

"Atachora majengo," alisema Gathii. Kisha akaongeza, "Na gemu."

Mwihaki aligeuka akamtazama baba yake.

"Hizo mbili ni ndugu," alisema Nasambu. "Zote zinataka mashine iko na kadi ya picha yake yenyewe. RAM iwe jibii kumi na sita. Ukikosa, chukua nane, bora kuwe na nafasi ya kuongeza. Na diski iwe SSD, hiyo hufungua haraka. Lakini nisikufiche, mashine kama hiyo ni nzito, na betri yake haikai sana. Atatembea na chaja."

"Sasa nionyeshe vile inaumwa," alisema Gathii. Nasambu hakuelewa, mpaka Mwihaki akamweleza habari ya punje. Wote watatu wakacheka kidogo.

Nasambu akaweka mezani laptopu iliyotumika, lakini si kuukuu. "Soma vipimo hapa ndani, si kwa stika. Chomoa chaja, uone betri inashuka aje. Ifanyishe kazi ngumu nusu saa. Ikichemka sana, ama feni ilie kama kinu cha posho, wachana nayo. Halafu risiti, iko na nambari ya mashine. Na waranti iandikwe."

Gathii alifanya yote mwenyewe, polepole. Nasambu aliichukua ile ya zamani kwa bei ndogo, Gathii akaongeza pesa.

"Sasa tia ile flashi," Gathii alimwambia Mwihaki.

Gemu ikafunguka. Uwanja ukatokea, na wachezaji wakajipanga. Migongoni mwao kulikuwa na majina. Wamboi alikuwa kiungo. Mwihaki alikuwa winga. Golini alisimama mwanamume mwenye kipara.

"Huyu ni nani?" aliuliza Gathii.

"Ni wewe, Baba. Kinyua alisema wewe hupitwi na kitu."

Gathii aligusa kioo kwa kidole. Machozi yakamtoka mbele ya wateja, na hakuyafuta.

"Na yeye, Baba wangu? Yeye anacheza wapi?"

"Hakujiweka, Baba. Yeye ndiye alikuwa anatuchezesha."

Sasa Mwihaki yuko muhula wa pili. Michoro yake inafunguka bila shida, na mashine haijaganda hata mara moja. Watu wa Kiminini wanaotaka laptopu hupitia kwa Gathii kwanza. Huwauliza ni ya kazi gani, kisha huwaambia waiwashe, wasome ndani, wasubiri nusu saa na waombe risiti. "Msifanye kama mimi," huwaambia.

Jumamosi Mwihaki akija nyumbani, baba yake huketi kando yake na kumchezesha yule kipa mwenye kipara. Vidole vyake ni vigumu, vya jembe, na mabao huingia mengi. Mwihaki akimwambia ajaribu mchezaji mwingine, Gathii hukataa.

"Hapana," husema. "Baba aliniachia lango."