Namba Isiyo na Mji

Katika daftari la ofisi ya kugawa namba za simu, kila mji ulikuwa na msimbo wake: 056 mji huu, 058 mji ule. Ukurasa wa 057 ulikuwa mtupu, na karatasi yake ilikuwa na unyevu hata kiangazi.

"Fungu hilo halina mji," mkuu wa ofisi alimwambia Mama Pacha siku alipoajiriwa. "Waliopewa zamani walirudisha simu zao bila kuulizwa. Gawa mengine, mwanangu."

Miaka kumi na moja hakuligusa. Kisha mumewe, fundi wa friji, akaoa mke wa pili, mshonaji mwenye kiuno cha nyigu, na siku moja fomu ya huyo mshonaji ikatua mezani kwake. Aliomba simu ya mezani. Chini, kwa mwandiko wa mume: *Tafadhali apewe namba nzuri.*

Mama Pacha alikuwa ameamka alfajiri hiyo kufua nguo za watu wanne. Simu ya nyumbani kwake aliiomba mwenyewe, akaibeba mwenyewe.

Akaandika 057.

Wiki ya pili, mume akaanza kuja kula kwake hata siku za mwenzake.

"Kule vipi?"

"Ameshika simu tangu asubuhi, ananong'ona. Nikiingia ananitazama kama mtu aliyekosea nyumba. Na chumba kinanuka nywele zilizoungua."

"Umri mdogo huo, baba watoto. Utapita." Akamwongezea mchuzi. Usiku huo Mama Pacha alilala vizuri.

Adhuhuri moja alikwenda kujionea ushindi wake. Cherehani ilikuwa na vumbi, na mke mdogo alikaa sakafuni, mkono wa simu umemgandia sikioni, na Mama Pacha alipoufuata waya kwa macho aliona unapita chini ya meza, unapanda dirishani, unaishia hapo, umening'inia, kwa sababu mafundi wa laini walikuwa hawajafika mtaa ule, na bado ndani ya simu mtu alikuwa akipumua.

"Dada," mke mdogo alinong'ona, "anakuulizia wewe tu. Unapenda nini. Unalala upande gani."

Mama Pacha alitoka mbio. Siku hiyohiyo alimleta mganga, mama mmoja mwenye miwani, asiye na maneno mengi.

"Unataka nini kwa binti huyu?" mganga aliliuliza jini.

Kinywa cha mke mdogo kilijibu kwa sauti nzito. "Huyu simtaki. Mimi nina wivu, na wanawake wapole hawanifai. Nilimtaka aliyeandika."

Akaanguka. Alipoamka aliomba maji, akashangaa vumbi la cherehani yake.

Mganga hakufurahi. "Halikubisha," alimwambia Mama Pacha. "Jini lisilobisha lina pa kwenda. Nenda kafute ulichoandika, tuombe iwe hapo tu."

Alikimbia ofisini, akafuta hadi karatasi ikatoboka.

Alipofika nyumbani, pacha walikuwa wanagombania rula na mume anakunywa chai. Simu ililia. Mume alikuwa karibu, akaipokea. Alisikiliza muda mrefu, uso ukimbadilika rangi, kisha akairudisha polepole kama anayelaza mtoto.

"Nani?" Mama Pacha aliuliza.

"Anasema ni mumeo." Hakumtazama. "Anasema leo ni zamu yake."

Akachukua viatu vyake mkononi, akatoka bila kuvivaa.